Nilimuuliza mama yuko kidato cha ngapi, nikaandika saba

Juzi kuna dogo kaniandikia inboksi: "Kaka nimepata kazi ya udodosaji, siku kumi na nane, ndani kuna swali la furaha, watu huwa wanalijibuje?" Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniangalia. Nikamjibu kifupi, ila jibu lenyewe ni refu, na najua wengi mnaosoma hapa mnazungukia hizi hizi kazi za utafiti za wiki mbili tatu, mnalala na simu mkononi mkisubiri supavaiza apige, basi acha niliweke hapa.

Mimi hiyo kazi nimeifanya na hiyo kazi imenifukuza.

Swali lenyewe liko hivi: fikiria ngazi yenye vidato kuanzia 0 chini mpaka 10 juu, juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote, je kwa sasa umesimama kidato cha ngapi? Ndo hilo hilo wanalouliza Gallup, kampuni ya Marekani ya kura za maoni, watu kama 1,000 hivi kwa nchi kwa mwaka, na majibu yake ndo yanapanga nchi kwenye ile Ripoti ya Furaha Duniani iliyoanza kutoka 2012. Neno furaha halimo hata mara moja, lisome tena kama huamini.

Sasa niko Singida vijijini, saa saba mchana, mama mmoja anapiga alizeti kwa fimbo juu ya turubai, hasimami, mimi nauliza yeye anapiga. Jua kali, kioo cha kishikwambi hakionekani, nimekifunika na kofia. Nikasema, "Mama, kwa sasa uko kidato cha ngapi?" Akasema, "Mwanangu mimi kidato sikufika, niliishia la saba." Mimi nilichosikia ni saba. Nikabonyeza 7, tukaendelea na swali la mifugo.

Nilishtuka usiku gesti, nimeshalala. Dodoso nimeshatuma. Yaani huyo mama yupo kwenye takwimu mpaka leo, ana maisha mazuri kushinda ya kwangu, kisa elimu ya msingi.

Siku ya tatu ikaja ya balozi wa nyumba kumi. Vijijini huwezi kuingia nyumba za watu bila balozi kukutembeza, na yeye anakaa pale pale anasikiliza. Mzee mmoja akajibu nane, kwa sauti, macho kwa balozi. Balozi akatoka kupokea simu, mzee akaniinamia, "Weka tatu." Nikaweka tatu. Hapo najivunia, maana wenzangu wengi wangeacha ile nane wakaenda zao.

Siku zilizofuata hazina stori, vumbi na ugali. Ila kufikia siku ya tisa nilikuwa nalionea aibu lile swali. Unamwona mtu kiatu kimoja, mtoto ana homa mgongoni, alafu umuulize habari za ngazi? Nikaanza kuliruka nakuja kulijaza mwenyewe jioni. Ndio, nilipika. Nyumba kumi na moja mfululizo nikaweka 5, nikiona ni namba ya heshima haimuumizi mtu. Supavaiza akachukua namba za simu akawapigia watu watatu, wote wakasema hiyo ngazi hawajawahi kuisikia. Nikaambiwa nirudishe kishikwambi, na posho ya siku za mwisho sijaiona mpaka leo. Sikuonewa, nakubali. Kinachoniuma ni jamaa wa timu ya pili aliyekuwa anapika mpaka umri wa watu, ila anachanganya changanya namba, yeye alitoka na cheti.

Kwa hiyo dogo, ushauri wa kwanza, usipike. Wa pili, kaa kimya usikilize. Wa tatu nao ni huo huo, kaa kimya, mtu akishajibu subiri kidogo, maana jibu la kwanza la Mswahili ni salamu. Sisi ukituuliza habari za msiba tunasema nzuri. Mtu kalazwa wodini unamuuliza hujambo anakwambia sijambo, ila mguu wameukata. Ukiondoka kwenye "sijambo" umeondoka na adabu zake, yeye hujamsikia.

Sasa wengine watasema si bora serikali ziache tu kupima furaha. Mimi hapo nakataa. Mnakumbuka 2017 Tanzania tulivyowekwa wa 153 kati ya nchi 155 kwenye ile ripoti? 2018 na 2019 tena 153, kati ya 156. Watu walichachamaa mtandaoni, eti sisi tunaocheza ngoma mpaka asubuhi tuwe wa mwisho kwa furaha? Lakini hakuna aliyetuuliza kama tunacheza. Waliulizwa maisha yao yamefika wapi, wakasema ukweli, alafu sisi wenye bando ndo tukawakasirikia.

Tatizo ni nani anashika dodoso. Bhutan ndo wanasifiwa dunia nzima, wana vigezo 33 vya kupima furaha ya watu wao kwenye maeneo 9, na 2022 waliwadodosa watu zaidi ya 11,000, wako makini kweli. Ila ni nchi hiyo hiyo ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wake wa asili ya Kinepali zaidi ya laki moja waliishia kwenye kambi za wakimbizi Nepal. Aliyefukuzwa hadodoswi, wastani unapanda. Falme za Kiarabu waliteua waziri wa furaha 2016, na Dubai wakaweka vibao vya nyuso tatu kwenye ofisi za huduma, unabonyeza anayecheka au aliyenuna. Binamu yangu yuko huko, anasema yeye hubonyeza anayecheka tu, visa yake iko mikononi mwa watu wengine, atanuna ili iweje? Ni balozi yule yule, huyu kavaa kanzu nyeupe.

Uingereza naona wamekaribia. Tangu 2011 wanaouliza ni ofisi ya takwimu, maswali manne tu, na mojawapo ni jana ulikuwa na wasiwasi kiasi gani. Waziri mkuu hasimami mlangoni. Serikali ikitaka kupima ipime hivyo, ila aliyechimba kisima asiwe ndo anauliza kama maji ni matamu, na akishauliza amuulize mtu na kilichomshusha, sio namba tupu.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka jana nilipita kile kijiji, nikashuka. Yule mama nikamkuta, nikamuuliza upya kwa maneno yangu, bila vidato: ukiangalia maisha unayoyataka na haya uliyonayo, kati ya sifuri na kumi umefika wapi? Aliacha fimbo akahesabu vidole.

"Nne. Pampu ya kisima ingekuwa inafanya kazi ningekwambia sita."

Alafu akaniuliza, "Kwani siku ile uliandika ngapi?"

Nikamwambia nimesahau.