Kuhusu zile ekari za bata

Mwanangu,

Umeniuliza kama uzinunue zile ekari 80 za kaskazini mwa Missouri, Marekani, na mbona bei yake iko chini kuliko mashamba ya jirani. Ukishajua la pili, la kwanza utajijibu mwenyewe. Mwenye shamba alishaiuzia serikali haki ya kulima pale, kujenga na kuondoa maji, ili ardhioevu irudi. Fedha alilipwa, akala. Wewe unanunua kilichobaki.

Masharti ya mauzo hayo yanaifuata ardhi, si mtu. Yapo ya miaka 30, na yapo ya kudumu ambayo hata wajukuu zangu watayakuta. Achana na karatasi ya dalali yenye picha za bata. Nenda ofisi ya hati ya kaunti, omba nakala, usome kila mstari.

Kilichobaki si haba. Ardhi ni yako, na anayeingia anaingia kwa ruhusa yako. Utawinda, utavua, hata kuwakodishia wawindaji unaweza. Kodi ya ardhi nayo ni yako, na magugu mabaya ni juu yako.

Ila ile nyumba ya mbao uliyonichorea, ifute. Kibanda chepesi cha kuvizia sawa. Mahindi ya kuvutia kulungu, kufyeka, kukata miti, vyote hadi idhini ya maandishi kutoka idara ya kilimo, nayo wanaweza kuifuta. Enzi zangu za trekta, tajiri alinituma nifyeke tuta la kuzuia maji kwenye shamba la namna hiyo. Nikalifyeka likang'aa, nikajisifu. Baadaye barua ikamfikia: nani alikupa ruhusa?

Ukifika, tafuta kwenye tuta mahali bomba la kutolea maji lilipo. Pana mbao zimepangwa moja juu ya nyingine kuzuia maji. Chomoa moja tu, bwawa linaanza kushuka, na bata hawatakusubiri. Muulize muuzaji mpango wa zile mbao unasemaje, tena akuonyeshe kwa maandishi.

Uliza pia kama kuna kipande kilichoachwa nje ya masharti. Hata ekari mbili kando ya barabara, hapo ndipo nyumba yako. Kama hakipo, na njia ya kuingilia inapita kwa jirani bila haki iliyosajiliwa, mimi nisingetoa hata senti.

Jumamosi nakuja, uniazime mabuti marefu tuukague mpaka. Mama yako amesema bata wa kunyonyoa asiletewe.

Baba