Uboho umekuwa safi, kwa nini mtoto aendelee na kemo?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 4 anatibiwa lukemia ya ALL, saratani ya damu. Baada ya mwezi mmoja alipimwa uboho, tukaambiwa hauna saratani. Sasa anakula, anacheza na wenzake kwenye ploti. Lakini hospitali inasema dawa ni zaidi ya miaka 2! Shangazi yake ameleta mtungi wa mitishamba, anasema kemo itammaliza. Naweza kumpumzisha kidogo?
Mama, Kayole

JIBU: Hapana mama, usimpumzishe hata wiki moja bila daktari wake kusema. Swali hili nalisikia karibu kila siku ya kliniki, na hunitia hofu kwa sababu anayeuliza ni mzazi ambaye mtoto wake anaendelea vizuri. Mtoto aliyelemewa hakuna anayemtoa wodini. Anayecheza ndiye anayeachishwa dawa.

Kinachowaponza wazazi ni hilo neno "safi". Maana yake ni kwamba darubini haizioni seli zile; kupona ni jambo jingine. Siku ugonjwa ulipogunduliwa, mwili wake huenda ulikuwa na seli za lukemia zinazokaribia trilioni moja. Mwezi wa kwanza umeua nyingi mno, lakini hata darubini isipoona kitu, zinaweza kuwa zimebaki bilioni nzima. Nyingine hujificha kwenye ubongo, ambako dawa nyingi za mshipani hazifiki vizuri, ndiyo maana anadungwa mgongoni. Tembe za nyumbani za kila siku, ambazo huoni zikifanya lolote, zinawinda hizo zilizobaki.

Haya yamejulikana kwa uchungu. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, aliripoti kwamba watoto 10 kati ya 16 walipata nafuu kwa dawa ya aminopterini. Nafuu hiyo haikudumu, ugonjwa ukarudi. Leo katika nchi tajiri watoto takriban 9 kati ya 10 wenye ALL hupona, kwa dawa kadhaa zilizomezwa na kudungwa hadi siku ya mwisho ya matibabu.

Sasa huo mtungi. Sidharau mimea. Vinkristini anayodungwa mwanao imetokana na ua la Madagaska, lile la rangi ya waridi linalopandwa mbele ya nyumba nyingi hapa Nairobi. Lakini imechujwa, ikapimwa, na dozi moja kwa kawaida haivuki miligramu 2, kwa sababu ikizidi huharibu neva. Mtungi wa shangazi una miligramu ngapi, na za nini?

Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka 5, macho manjano kama kiini cha yai. Mama yake alifungua leso akatoa mtungi wa mafuta ya kupikia, lebo bado imebandikwa, chini mashapo meusi ya unene wa kidole. Ini lilikuwa limeumia, ikabidi sisi wenyewe tusimamishe kemo wakati ambao hatukupaswa kabisa kuisimamisha. Muuzaji alikuwa ameahidi uponyaji kwa siku 40. Tulipompigia kuuliza alichochanganya, alikuwa mteja, hapatikani.

Nawaambia wazazi wote: anayetibu saratani, kisukari na presha kwa chupa moja hajui hata ugonjwa mmoja kati ya hiyo. Anawasubiri nje ya lango la hospitali kwa sababu anajua mmechoka. Na kama kinachowasukuma ni nauli au malipo ya bima ya afya ya SHA yaliyokwama, semeni hivyo kliniki, muulizeni afisa wa ustawi wa jamii. Wengi hunyamaza kwa aibu, kisha wanapotea.

Mama, kama ameshakunywa, njoo na huo mtungi, useme ni vijiko vingapi na tangu lini. Hakuna atakayekugombeza. Na joto likifika 38, hata saa nane usiku, usimpe Panadol ukangoja kuche: Panadol hushusha joto tu, maambukizi yanaendelea chini kwa chini. Mfunge mgongoni, mje.