Kura Yangu Nilimwahidi Kila Mtu

Juzi msomaji mmoja amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ni kijana wa Likoni, hapa Mombasa, na kura yake ya kwanza ya urais itakuwa ya Agosti 2027. Hajui ampe nani. Kwao kila mtu keshajipanga upande wake, na yeye akisema "bado naangalia" anaitwa popo: kwa ndege hayumo, kwa wanyama hayumo. Mwisho anauliza, "Dada, kwani kutojua ni dhambi?"

Nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nakanda unga, na nikajikuta nakanda kwa hasira. Si kwamba kijana kaniudhi. Amenirudisha kwenye uchaguzi wa 2022.

Mdogo wangu, kutojua si dhambi. Dhambi ni ile niliyofanya mimi, na nitakusimulia yote ingawa wengine kati yenu mnanifahamu na mtacheka.

Mimi nakaanga mahamri Kisauni. Mteja wa mahamri hana chama. Saa kumi na mbili asubuhi anakuja wa Azimio, upande wa Raila, nyuma yake wa Kenya Kwanza, upande wa Ruto, na wote wanataka ya moto. Biashara hii inakufundisha kuitikia. Mtu akisema Baba, yaani Raila, safari hii anaingia, unasema inshallah. Mwingine akisema zamu ya hasla, yule mlalahoi wa Ruto, imefika, unasema inshallah vilevile. Inshallah yangu mwaka ule ilifanya kazi kuliko karai.

Ingekuwa kwa wateja tu, yangekwisha. Lakini kaka yangu mkubwa ni mtu wa Raila tangu 2007, si wa mchezo. Na shoga yangu, ambaye tumeozeshana watoto kwa maneno tangu wakiwa chekechea, alikuwa wa Ruto. Kaka akaniuliza, "Kura yako iko wapi?" Nikamwambia iko palepale ilipo yako. Shoga akaja na leso ya njano, rangi ya chama cha Ruto, akasema najua tuko pamoja. Nikaipokea. Wiki ileile nikapokea kofia ya chungwa, rangi ya chama cha Raila, kutoka kwa wifi yangu, mwanangu akaivaa akaenda nayo madrasa, mwalimu akamvua.

Ukweli ni kwamba sikuwa na mtu. Na sababu sikuziokota njiani.

Kaka alikuwa na kazi nzuri katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Serikali ilipoamua makontena yapande reli mpya yakatolewe bara, ofisi yao ilikufa polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Ilipofika 2019 waliuza mpaka viti. Kaka akaja kukaa kibarazani kwangu miezi saba, akinisaidia kuhesabu mahamri na kunikosoa. Sasa nieleze: Ruto alikuwa naibu wa rais katika serikali iliyofanya hayo. Na Raila, kufikia 2022, alikuwa anapigiwa debe na Uhuru, rais wa serikali hiyohiyo. Wote wawili walikuja Pwani wakasema bandari itarudi Mombasa. Mimi nimekaa katikati na kaka asiye na kazi, najiuliza huyu alikuwa wapi, na yule yuko na nani.

Nilipomwambia kaka hivyo, mara moja tu, alinijibu kwamba wanawake hatujui siasa. Baada ya hapo nikarudi kwenye inshallah.

Kulikuwa na mgombea mwingine pia, Wajackoyah, na ahadi zake za bangi na ufugaji wa nyoka. Nusu ya vijana wa stendi ya bodaboda waliapa watampigia. Hakufika hata nusu ya asilimia moja. Kucheka ni bure, foleni ina jua.

Usiku wa mdahalo wa wagombea urais, Julai 26, tulijazana kwa jirani mwenye televisheni kubwa. Ruto akasimama peke yake. Raila hakwenda. Kaka akasema Baba amefanya la maana, hawezi kukaa jukwaa moja na mtu asiyetaka kuulizwa habari za ufisadi. Shoga akasema mtu aliyekimbia maswali atayakimbia na matatizo. Mimi nikakumbuka 2017: aliyesimama peke yake kwenye mdahalo alikuwa Raila, Uhuru ndiye hakutokea, na kaka huyuhuyu alituambia kiongozi anayekimbia mdahalo hafai hata kuongoza kamati ya harusi. Nilimkumbusha? Wapi! Niliendelea kutafuna karanga za watu.

Hapo ndipo ninapojichukia. Neno nilikuwa nalo, nililimeza.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni. Nikachora mstari katikati. Upande huu jina, upande huu jina. Nikaandika mambo matatu yanayonigusa mimi, si yanayogusa watu wa kwenye redio: ngano, mafuta ya kupikia, bandari. Kisha nikasoma ahadi zao kwenye simu, kurasa nyingi, nyingine zimeandikwa kama barua ya benki. Azimio walisema familia zisizojiweza zitapata shilingi 6,000 kwa mwezi. Nikajiuliza, mimi ni maskini wa kutosha? Nina karai mbili na deni. Kenya Kwanza walisema bilioni 50 za kukopesha wadogo. Nikajiuliza, mtu mwenye deni anapewa deni jingine ili iwe nini? Na serikali iliyokuwepo, mwezi uleule wa Julai, ilitangaza pakiti ya unga wa kilo mbili iuzwe shilingi 100, nayo ilikuwa imepita 200. Watu wakashangilia. Ulikuwa unga wa sima! Mimi nakaanga ngano. Sikupunguziwa hata senti, na mafuta yalikuwa yamepanda mpaka nikapunguza ukubwa wa andazi nikasingizia mkono.

Ukiniuliza siri yangu ni nini, ni daftari hilo. Wengi mnasubiri moyo ukwambie. Moyo ni wa kuchagua mume, na hata huko wangu ulinidanganya. Andika linalokugusa, tafuta nani amesema nini juu yake, na pesa atatoa wapi. Nimewaambia watu hili mara nyingi na hawaandiki.

Kufikia Jumapili usiku nilikuwa na jina. Naringa kwa hilo, nisamehewe. Katika mtaa mzima sidhani kama kulikuwa na mtu aliyehangaikia kura yake kama mimi. Wengine waliirithi kama shamba.

Jumanne, Agosti 9, nilikuwa kwenye foleni kabla ya adhana ya alfajiri, nikatoka kuswali nikarudi. Mombasa siku ile tulipewa karatasi tano badala ya sita, kwa sababu kura ya gavana ilikuwa imeahirishwa jana yake: karatasi zilikuja na makosa, sisi na Kakamega. Mzee mmoja mbele yangu aligoma kabisa, anadai ameibiwa ile ya buluu, ya gavana. Nilipoingia kwenye kibanda na ile nyeupe ya rais, mkono ukasita. Jina ninalo, na mkono hautaki. Nilikuwa namuona kaka, namuona shoga, wote wawili wananichungulia juu ya bega. Karani akakohoa. Nikaweka alama, nikakunja, nikatumbukiza.

Matokeo yalitangazwa Agosti 15 pale Bomas, kwa vurugu mliyoiona wote. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Kesho yake kaka alipita nyuma ya nyumba yangu akaikuta leso ya njano kambani. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Tofauti ni 233,211. Na yako imo humo." Akaondoka. Tulizikana na kuozana miaka mitatu na ushei bila ya yeye kunipa mkono.

Shoga naye, ambaye mtu wake ameshinda, ungedhani angefurahi. Wifi yangu alimweleza kwamba mimi nilikuwa nawaahidi wao kura siku zote. Akaniandikia ujumbe mmoja: "Kumbe ulikuwa ukinichezea shere." Kisha nikatolewa kwenye kundi la chama chetu cha akiba, zamu yangu ikiwa imebaki miezi miwili. Pesa zangu nilirudishiwa, niseme haki. Zililetwa na mtoto.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Likoni, sikiliza. Usimwahidi mtu kura. Usimwahidi mama yako, usimwahidi mchumba, usimwahidi anayekukopesha. Akikuuliza, mwambie bado naangalia, na akikuita popo, popo anaona usiku. Ukishaamua, mwambie kura ni siri. Katiba ya 2010 imekupa haki hiyo katika kifungu cha 38, si mimi niliyeitunga. Leso ya mtu usipokee. Kofia usipokee. Mimi nilidhani ni vitambaa tu.

Na usiniambie kwamba utaharibu karatasi makusudi ili wakome. Hawatakoma. Mahakama ya Juu ilisema 2013 kwamba kura zilizoharibika haziingii katika hesabu ya asilimia, kwa hiyo hasira yako itabaki ndani ya sanduku. Mshindi anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura halali, na robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Akikosekana mwenye hayo, wawili wa mbele wanarudi tena. Kenya hatujawahi kufika huko, lakini 2022 aliyeshinda alipata asilimia 50.49. Hebu iangalie hiyo namba vizuri, kisha uniambie tena kwamba yako haina uzito.

Ninyi vijana mlitoka Juni 2024 kukataa mswada wa fedha, na nikiwa na karai langu niliwapikia waliopita hapa. Mlijua mnachokataa. Kwenye karatasi ya kura hakuna kisanduku cha kukataa. Anzeni sasa kuandika mnachotaka, msingoje Julai 2027 mkaanza kubahatisha. Na uhakikishe umeandikishwa. Nimechoka na watu wenye maoni makubwa wasio na kadi.

Naona nimeanza kuhubiri, na unga unaumuka.

Ule mkopo wa hasla, wa zile bilioni 50, nilijaribu Novemba ile ulipozinduliwa. Nikapewa kikomo cha shilingi 500. Amri ya kurudisha utoaji wa mizigo Mombasa ilitolewa siku ileile Ruto alipoapishwa; kaka hakurudi kazini, kwani ile kampuni haikuwepo tena ya kurudia. Sasa anauza vifaa vya simu Kongowea na ananikosoa kwa simu.

Tulipatana Oktoba 2025, siku Raila alipofariki India. Nilifunga mahamri kumi, nikaenda. Nilimkuta nje kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani, amevaa ile kofia ya chungwa ya mwanangu, ndogo, imemkaa utosini. Sikujua niseme nini kwa mtu aliyefiwa na asiyemjua. Alikula matatu. Nilisubiri aniulize ile kura ilikwenda wapi, na safari hii ningemwambia ukweli. Hakuuliza.

Shoga bado. Tunapishana sokoni, anaangalia nyanya. Karai langu kubwa, lile la harusi, liko kwake tangu wiki ile ya uchaguzi, na sijatuma mtu kulifuata.