Tabianchi kabla ya kuwa na nchi

Swali: Natafsiri makala kuhusu Bonde la Turkana. Nimeandika: "Wanasayansi wamejenga upya hali ya hewa ya kale kutokana na amana za madini katika udongo." Mwenzangu anataka "tabianchi". Namuuliza: miaka milioni 4 iliyopita kulikuwa na nchi gani? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Umenichekesha, ila mwenzako amekushinda. Nchi iliyomo humo si ile yenye bendera na wimbo wa taifa. Ni nchi ya "nchi kavu", ya "mbingu na nchi", yaani ardhi. Hiyo ilikuwepo.

Uzito wenyewe uko kwenye tabia. Mtu akinuna leo, hiyo ni hali. Akinuna mwaka mzima, ndiyo tabia yake. Mvua ya jana jioni ni hali ya hewa. Sasa tazama wanachochimbua watafiti kule Turkana: vinundu vyeupe vya chokaa, vingine vidogo kama punje, vilivyofanyika ndani ya udongo mahali ambapo mvua haikutosha kuiyeyusha chokaa na kuisukuma chini ikapotea. Kinundu hukua polepole, kwa mamia hata maelfu ya miaka. Hakijui mvua ya siku moja. Kinachojua ni mazoea: kaboni yake hueleza kama juu palitawala miti au nyasi, na jinsi atomi zake zilivyoshikana hueleza joto la udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika miaka hiyo milioni 4 udongo wa Turkana mara nyingi ulipita nyuzi 30 za Selsiasi wakati vinundu vikifanyika. Hiyo ni tabia, tena sugu. Ukiandika "hali ya hewa ya kale" utaeleweka, lakini utakuwa umekipa kinundu kumbukumbu ambayo hakina.

Mimi hasa nimekwazwa na "amana". Amana ni kitu ulichoachiwa ukitunze hadi mwenyewe aje. Benki zimeliazima vizuri tu, udongo haukuachiwa kitu na mtu. Na "madini" likisimama peke yake, msomaji anawaza dhahabu. Taja kitu chenyewe: vinundu vya chokaa. (Mchoma chokaa wa pwani atabisha, kwake chokaa hutoka tanuri, lakini "mawe ya chokaa" tumeshayazoea darasani.) "Kujenga upya" waachie mafundi waashi.

Ningeandika hivi: "Kwa kuchunguza vinundu vya chokaa vilivyofanyika udongoni, wanasayansi wamebaini jinsi tabianchi ya Bonde la Turkana ilivyokuwa zamani za kale."

Tabianchi iandike kwa neno moja. Ukitaka kuitenganisha, rudisha "ya" ya katikati, "tabia ya nchi", kama wengi wetu tulivyofundishwa; "tabia nchi" yenye nafasi katikati haiko huku wala kule.