Muulize Ami: Kufuli si Notisi

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: nyumba. Nimechagua tatu, na kipande cha ya nne. Kwa wasionijua, mimi si wakili. Nilikusanya kodi za nyumba hapa Mombasa, kuanzia Majengo hadi Bondeni, kwa miaka 22, kitabu cha risiti kwapani na vidole vimechafuka kaboni. Wenye nyumba nawajua, wapangaji nawajua, na pande zote mbili zimewahi kunifungia mlango usoni.

*Ami, shikamoo. Mimi nakaa Mtopanga, chumba na sebule, kodi 9,000. Mwenye nyumba ni jamaa wa marehemu baba yangu, namwita baba mkubwa, kwa hivyo hatukuandikiana chochote. Huu mwaka wa nne. Namtumia kwa M-Pesa kila tarehe 5 na sijawahi kuchelewa. Tarehe 18 Septemba alikuja barazani, akanywa kahawa, akasema mwanawe anarudi kutoka Dammam, Saudia, mwisho wa mwezi nihame. Nikamwambia sina pa kwenda na watoto wako katikati ya muhula. Akanyamaza, nikadhani amenielewa. Tarehe 2 Oktoba natoka kazini nakuta kufuli jipya mlangoni, vyombo vyangu vyote ndani, watoto wamekaa kwenye ngazi na sare za shule. Tumelala kwa jirani. Baba mkubwa anasema kama nina neno niende kwa chifu. Je, kodi ya mwezi huu nilipe? Na kufuli nilivunje?*
Aliyefungiwa, Mtopanga

Marahaba mwanangu, na pole. Nianze na kufuli, maana hilo nalijua.

Mwaka 1991 tajiri yangu alinituma nikafunge chumba kimoja Majengo. Mpangaji alikuwa na deni la miezi mitatu. Nilifika saa nne asubuhi, nikabisha hodi ya kujitakia, nikapachika kufuli na kuondoka. Sijafika kona, mwanamke wa chumba cha pili ananifuata mbio, leso mkononi: ndani kuna jiko la mkaa limewaka, na maharagwe yako juu. Nyumba ile ilikuwa ya makuti. Nilirudi natetemeka, ufunguo haukubali kuingia, moshi unatoka chini ya mlango. Alhamdulillahi yaliungua maharagwe tu, na sufuria ikawa nyeusi tii. Mwenye chumba aliporudi kutoka kuteka maji hakunitukana. Aliniuliza, "Karatasi ya korti iko wapi?" Sikuwa nayo. Tajiri yangu naye hakuwa nayo.

Baba mkubwa wako hana vilevile. Kumtoa mtu aliyekataa kuhama ni kazi ya mahakama, na kufuli la dukani halina muhuri wa hakimu.

Sasa hilo la kutoandikiana. Watu watakwambia huna mkataba, kwa hivyo huna haki. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inautambua upangaji wa muda mfupi hata ukiwa wa mdomo. Kifungu cha 57 kinasema pale ambapo muda haukutajwa, upangaji huhesabiwa kwa kipindi cha kulipa kodi. Wewe unalipa kwa mwezi, basi wewe ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Kumtoa mpangaji wa namna hiyo kunataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, na mwisho wake uangukie siku ya kulipa kodi. Tupige hesabu. Hata tukiikubali ile notisi ya kahawa ya tarehe 18 Septemba, mwezi unatimia tarehe 18 Oktoba, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Novemba. Yeye amefunga tarehe 2 Oktoba.

Kufuli usilivunje. Utavunja, na kesho yake utaambiwa umeharibu mlango, au kuna kitu kimepotea. Lipige picha, na ngazi ile pia, na majirani waliokuona wakuandikie majina. Nenda kituo cha polisi uandikishe kwenye kitabu cha matukio na utoke na nambari ya OB. Nambari, mwanangu, siyo "tumekusikia mama." Toa taarifa ya M-Pesa ya miaka hiyo yote uichapishe. Kila tarehe 5 iliyomo mle ni shahidi asiyekunywa kahawa ya mtu. Ukiwa na hayo, mahakama ya hakimu yaweza kuombwa amri ya haraka ufunguliwe na usiguswe mpaka kesi isikilizwe. Kama huna pesa za wakili, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa na kazi yao ni watu kama wewe.

Chifu? Nenda, hakuna ubaya. Chifu anaweza kuwakalisha mkasemezana, na kwa watu wa damu moja mara nyingi hapo ndipo yanapoishia. Ila chifu hana uwezo wa kumtoa mtu nyumbani, na barua yake si amri ya korti.

Kodi lipa. Najua jirani amekwambia usilipe mtu aliyekufungia. Mimi nasema tuma tarehe 5 kama kawaida, na uambatanishe ujumbe: "Kodi ya Oktoba, nyumba ya Mtopanga." Leo kosa ni lake peke yake. Usipolipa, mtakuwa wawili.

Mmoja wenu ameniuliza mbona siitaji Sura ya 296 ya sheria za Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Kodi, ambayo inamtia hatiani mwenye nyumba anayemtoa mpangaji bila ruhusa ya jopo lake au kumsumbua makusudi ili ahame. Siitaji kwa sababu sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Nilipoanza kazi, 2,500 ilikuwa nyumba ya karani wa bandarini, yenye choo ndani. Leo nitafutie ya bei hiyo kisiwani nikupe zawadi. Nyumba zimepanda, kiwango kimebaki palepale, na wewe wa 9,000 uko nje ya ua huo.

Jambo la mwisho kwako, na nalisema kwa mapenzi. Mombasa tunaponzwa na kuona haya. Kumwandikia karatasi baba mkubwa ni kama kumwita mwizi, basi tunakaa miaka minne kwa maneno ya barazani. Siku maneno yakigeuka, kila mtu ana yake. Mkishapatana, na Mungu akipenda mtapatana, mwambie, "Baba mkubwa, tuandikiane, dunia ina kufa na kupona." Hatokasirika kama unavyodhani.

*Ami, ingawa yumkini nimekupita umri. Nina vyumba vinne Likoni alivyoniachia marehemu mume wangu. Mpangaji wangu mmoja tulikuwa na mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja, ukaisha tarehe 31 Mei. Nilimwambia mapema sitauendeleza, nataka chumba cha mjukuu. Akasema "inshallah Bi mkubwa." Juni akatuma 7,500. Nikapokea, dawa za sukari hazingoji. Julai akatuma, Agosti akatuma, Septemba akatuma. Sasa nikimwambia hama ananijibu mkataba umejirudia mwaka mwingine. Vijana wa mtaani wamejitolea kumng'olea mlango na mabati mawili, wanasema atatoka mwenyewe mvua ikimpiga. Nifanyeje?*
Bibi wa Likoni

Shikamoo Bi mkubwa. Hao vijana wape chai, warudishe kwao. Mabati yakishuka, kesi itageuka iwe yako.

Huyo mpangaji wako ni mjanja, na kilichomsaidia ni ile inshallah yake pamoja na simu yako. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi kimefikiria mtu wa aina yake. Mpangaji akibaki bila idhini baada ya mkataba kuisha, wajibu wake wote unaendelea mpaka atoke. Kupokea kwako kodi peke yake hakuhesabiwi kwamba umemruhusu abaki. Hapo ungeshinda Juni. Lakini kifungu kinaendelea: ukizidi kupokea kwa miezi miwili naye yumo ndani, unazaliwa upangaji wa mwezi hadi mwezi. Wewe umepokea minne.

Kwa hivyo yeye ana nusu ya ukweli na wewe una nusu. Mwaka mpya hana, amekudanganya. Ila mgeni wa bure pia si yeye tena. Ni mpangaji wa mwezi, anayetoka kwa notisi ya mwezi.

Mwandikie. Mjukuu huyo huyo anayetaka chumba akuandikie, aone gharama yake: "Mimi mwenye nyumba nakupa notisi ya kuhama chumba nambari fulani. Upangaji wako wa mwezi hadi mwezi utakwisha tarehe 1 Desemba. Siku hiyo naomba ufunguo na chumba kitupu." Weka tarehe ya kuandika na sahihi. Nakala mbili, moja yake, na ya pili aitie sahihi kwamba ameipokea. Akikataa, mtu mzima wa jirani ashuhudie ulivyompa na aandike hivyo kwenye nakala yako. Kama siku yenu ya kodi ni tarehe 1, hakikisha imemfikia kabla ya tarehe 1 Novemba ili mwezi utimie. Ikimfikia tarehe 3, mwisho usogee hadi tarehe 1 Januari. Siku mbili hizo zimewaangusha wenye nyumba wengi kuliko mawakili.

Mwezi wa notisi ni wake, kodi yake pokea. Notisi ikishaisha naye bado yumo, pesa ikiingia kwenye simu irudishe siku hiyo hiyo na ujumbe: "Upangaji umekwisha, sipokei kodi." Najua dawa hazingoji, Bi mkubwa. Mwombe mwanao mmoja akushikie miezi miwili hiyo, maana ukipokea tena gurudumu linaanza upya. Akishindikana kabisa, mahakama ndiyo itakayotoa amri ya kumtoa, na siku alizong'ang'ania unaweza kumdai humo humo.

*Ami, nauza viatu Mwembe Tayari mwaka wa nane, mkataba wa mdomo. Jengo limenunuliwa mwaka juzi. Tajiri mpya amenitumia WhatsApp: siku 30, anataka duka alitumie mwenyewe.*
Muuza viatu

Duka si nyumba ya kulala, lina sheria yake, Sura ya 301. Upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, unalindwa. Notisi yake ni ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, na lazima itaje sababu iliyomo kwenye sheria. WhatsApp ya siku 30 haifiki hata mlangoni. Na hiyo sababu ya "nataka mwenyewe" imefungwa kwa aliyelinunua jengo ndani ya miaka mitano iliyopita, kwa hivyo huyu wa mwaka juzi hana njia hapo. Lakini usilale. Siku atakapoleta fomu ya kweli, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi kwamba hukubali, na upeleke lalamiko kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla tarehe ya notisi haijafika. Ukikaa kimya, notisi itashika kazi.

Kijana wa Bamburi, barua yako ya kurasa sita nimeisoma yote, pamoja na habari za huyo mchumba. Kuhusu zile 9,000 za dipoziti ambazo mwenye nyumba amezikalia akisema ni za rangi: Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya pesa hadi shilingi 1,000,000, sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Nenda na risiti ya dipoziti na picha za ukuta siku uliyoingia na siku uliyotoka. Umesema za kuingia huna. Basi ulizia zile mlizopiga siku ya harusi ya dada yako, ulipoandika kwamba mlikaa kwenye zulia mmeegemea ukuta. Ukuta huo ndio tunaoutaka.