Je, Nyumba ya Muziki Inatosha Kumlea Mpiga Klarineti?

SWALI: Marehemu baba yangu alipiga zumari katika arusi za hapa Mombasa, nami nilipiga fidla katika kikundi cha taarab kwa miaka mingi. Mwanangu wa miaka 15 amependa klarineti ya bendi ya shule na anataka kazi ya orkestra. Je, asili yetu itamfaa? – Baba, Tudor.

JIBU: Ndugu yangu, itamfaa sana, lakini haitampa kiti. Sabine Meyer wa Ujerumani alifunzwa klarineti na babake mzazi, na kakake Wolfgang alipiga ala hiyohiyo. Hata hivyo, kondakta Herbert von Karajan alipotaka kumwingiza kwa kudumu katika Berliner Philharmoniker, orkestra yake ya Berlin, wanamuziki walimkataa kwa kura 73 dhidi ya 4, wakidai kuwa sauti yake haichanganyiki na za wenzake. Naamini uanamke wake nao ulichangia, kwani orkestra hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kupokea wanawake. Aliondoka mwaka 1984, akajenga jina kubwa kwa kupiga peke yake, na pia pamoja na kakake na mumewe.

Orkestra nyingi za Marekani humsikiliza mwombaji akiwa nyuma ya pazia, asijulikane ni mtoto wa nani. Karibu kila mara huombwa konseto (kazi ya ala moja ikisindikizwa na orkestra) ya mtunzi Mozart ya mwaka 1791, iliyoandikwa kwa ajili ya mpiga klarineti Anton Stadler, ambaye nduguye Johann pia alipiga klarineti. Kazi hiyo huhitaji klarineti ndefu kidogo, iliyo chini kwa nusu toni kuliko ile ya kawaida ya bendi. Mpigaji wa orkestra hubeba zote mbili, aghalabu za mpingo, mti wa pwani hii yetu ya Afrika Mashariki.

Kuhusu riziki, nisikufiche: wapigaji wengi wa Nairobi Orchestra wana kazi nyingine, na mishahara ya kudumu hupatikana zaidi katika bendi za jeshi na polisi.

Lakini fidla yako usiiweke kabatini. Klarineti ikipulizwa kwa nguvu, noti hushuka kidogo, yaani huwa nzito kuliko inavyotakiwa. Ikipulizwa kwa upole, hupanda, yaani huwa nyembamba. Kila jioni mshikie noti moja ndefu kwa fidla, naye aifuate kutoka sauti ndogo hadi kubwa, mpaka msikie noti zenu hazigombani tena.