Lenzi ndefu ya zamani: acha kuikimbiza picha, itege

Watu wengi wananunua hizi lenzi ndefu za zamani, za kuweka fokasi kwa mkono, kwa mbwembwe halafu hata mwezi haujaisha zishaingia sokoni tena, ukiwauliza kulikoni wanakwambia haishiki fokasi, picha zote zimefifia. Mara nyingi lenzi haina shida yoyote. Shida ni kwamba mtu kazoea autofokasi, akimuona ndege karuka na yeye anaanza kuzungusha ringi akimfuata, anapokuja kumpata ndege kashatua na keshaondoka tena. Huo mchezo ni mgumu aisee, waliokuwa wanauweza kweli ni wapiga picha wa magazeti enzi hizo maana ndo ilikuwa kazi yao kila siku. Sisi wengine tunatega. Unachagua sehemu, unaweka fokasi pale, unasubiri kitu kije chenyewe, kama mtu aliyetega mtego wa panya. Ukishalikubali hilo haya mengine yote yanakuwa mepesi.

Mi natumia Nikkor, lenzi ya Nikon, 200mm f/4 ya AI (f/4 ni apacha, tundu la kupitisha mwanga, likiwa wazi mpaka mwisho, namba ikipanda tundu linapungua). Nikon walianza kutoa lenzi za AI, zile zinazoiambia kamera apacha imewekwa wapi, mwaka 1977, kwa hiyo hili ni dude lenye umri wa wazazi wa baadhi yenu, chuma tupu, kama nusu kilo hivi, filta yake ya mbele ni 52mm na hudi imejengewa humohumo unaivuta tu. Mtandaoni bei yake mara nyingi inacheza kwenye dola 100, juu kidogo chini kidogo, wakati 70-200 f/2.8 mpya ya kampuni kubwa ni dola 2,000 na kuendelea. Naifunga kwenye Sony a6000, na kwa sababu sensa yake ni ndogo, ile ya APS-C, inakuvuta karibu sawa na 300mm kwenye sensa kubwa.

Kabla hujanunua chochote elewa habari ya adapta, maana hapa ndo hela za watu zinapotea. Kila aina ya kamera ina umbali wake kutoka pale lenzi inapofungwa mpaka kwenye sensa. Nikon F ni milimita 46.5, Sony E ni milimita 18, kwa hiyo adapta yangu ni bomba tu la kujaza zile milimita 28.5 zilizobaki, ndani hamna kioo wala nini. Kamera yoyote isiyo na kioo cha kunyanyuka itakubali karibu lenzi yoyote ya zamani kwa njia hiyo. Kwenye DSLR, zile zenye hicho kioo cha kunyanyuka, ndo kuna mitihani. Lenzi ya Canon FD ni milimita 42 na DSLR za Canon EF ni 44, hapo haitafika infiniti, yaani fokasi ya vitu vya mbali kabisa, mpaka uweke adapta yenye kioo ndani, na vile vioo vya adapta za bei chee vinaua picha kabisa. Za M42, zile za kufunga kwa skrubu kina Takumar na Jupiter, ni 45.46, zinaingia Canon EF vizuri ila kwenye Nikon hazifiki infiniti. Na we mwenye DSLR ya Nikon, AI itafunga bila adapta, ila D3000 na D5000 na ndugu zao hazitakupimia mwanga, D7000, D7100 na D7200 zinapima ukishaingiza data za lenzi kwenye menyu, D7500 hicho kitu walikiondoa. Ukikutana na Nikkor ya kabla ya 1977 ambayo haijarekebishwa usiifunge kwenye hizo D7000, inaweza ikavunja kidude cha pembeni ya mdomo wa kamera.

Seti za kamera ni dakika tano tu. Ruhusu kamera ipige hata kama haioni lenzi, bila hivyo utabonyeza mpaka uchoke. Washa ile alama ya rangi inayoonyesha sehemu zilizo kali, iweke kiwango cha chini na rangi nyekundu, halafu piga RAW, faili ghafi la kamera, na mtindo wa picha uweke nyeusi na nyeupe. Hapo kwenye kidirisha cha kuchungulia utaona dunia ya kijivu na wekundu unaotembea juu yake ukizungusha ringi, jicho halihangaiki, na RAW inabaki na rangi zake zote. Kitu kingine ambacho karibu kila mtu anakiruka ni kile kigurudumu kidogo pembeni ya kidirisha cha kuchungulia, cha kurekebisha kwa ajili ya macho yako. Kizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri. Kama hapo pako ovyo utailaumu lenzi mpaka kesho.

Sasa kutega kwenyewe. Chukua keremkerem, wale ndege wadogo wa rangirangi wanaokula nyuki. Ana tabia moja tamu sana kwa mpiga picha, anakaa kwenye tawi kavu au waya, anaruka anadaka nyuki, halafu anarudi palepale alipotoka au karibu na hapo. Akirudi anaanza kumbamiza yule nyuki kwenye tawi, kushoto kulia, mpaka mwiba utoke ndo ammeze, na muda wote huo katulia mbele yako. Kwa nini umfuate hewani? Fokasi weka kwenye tawi. Kuza picha kwenye kidirisha, zungusha ringi taratibu mpaka uone nyufa za gome, ipitilize kidogo mpaka zianze kufifia tena, kisha urudi, hapo ndo unajua kwa uhakika kilele kiko wapi. Halafu toa kidole kwenye ringi. Ndege akirudi kazi yako ni kubonyeza tu. Mdiria naye ni hivyohivyo, ana tawi lake juu ya maji na halibadilishi kirahisi.

Inabidi ujue mtego wako una upana gani lakini. Kwa 200mm kwenye f/4 na hiyo sensa ndogo, kitu kikiwa mita 5 sehemu iliyo kali ni kama sentimita 10 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Mita 10 inakuwa kama sentimita 40. Mita 20 inafika mita moja na nusu hivi. Kwa hiyo ndege wa mita 5 akikaa upande wa pili wa tawi nene umemkosa, na hiyo haina cha lenzi mbovu.

Hizo hesabu ndo zinafanya mpira wa mchangani upigike vizuri tu na lenzi hii. Kaa nyuma ya mstari pembeni ya goli, chagua eneo kama mita 20 kutoka ulipo, pale mipira mingi inapogombewa. Shika kamera wima, kwa umbali huo fremu ina urefu wa mita 2 na ushee, mchezaji mzima anaingia na nafasi inabaki. Weka fokasi kwenye alama yoyote ya chini, chokaa, kijiti, tuta la mchanga, funga apacha mpaka f/5.6 upate mita 2 za usalama. Akiingia mtu humo piga, akiwa nje muache aende zake hata kama kafunga goli la mwaka. Roho inauma mwanzoni, najua, unaona bonge la tukio upande wa pili wa uwanja na mkono unataka kukimbilia ringi, ila ukikimbilia unakosa kule na huku mtego umeshauvuruga. Na mtu akija moja kwa moja kuelekea kwako bonyeza kabla hajafika kwenye alama, maana kati ya kuona kwako na shata kufunguka kuna kuchelewa kidogo na anayekimbia huwa hasubiri.

Kuna siku lazima ufuate, sawa. Mazoezi ya hilo fanyia kwa yangeyange. Kwa Dar nenda pale daraja la Salenda maji yakiwa yametoka, wanatembea kwenye tope polepole wakitafuta chakula, ni weupe kwenye ardhi nyeusi, wekundu wa kidirisha unaonekana vizuri kwenye manyoya. Kiganja cha kushoto kiwe chini ya lenzi kikibeba uzito, dole gumba na kidole cha kati kwenye ringi, viwiko vibane mbavuni. Lile tope jeusi linadanganya kamera ingawa, punguza mwanga kidogo la sivyo manyoya yataungua yote. Na baki na chapa moja ya lenzi, ringi ya Nikon inazunguka kinyume na ya Canon, ukichanganya mkono hautajifunza kamwe. Halafu angalizo, lenzi ndefu mjini inavuta walinzi, salimia vizuri, waonyeshe picha kwenye skrini, na usielekeze kwenye majengo ya serikali, hata kama kuna ndege wa ajabu juu ya bati.

Spidi ya shata usiwe bahili. 200mm mara 1.5 ni 300, kwa hiyo 1/320 ya sekunde ndo chini kabisa, mi sishuki 1/500 kwa ndege aliyetulia na 1/1000 kwa mpira, ISO, yaani wepesi wa sensa kuona mwanga, ipande inakotaka kupanda. a6000 haina kitulizaji cha mtikisiko ndani na lenzi ya miaka hiyo haina pia. Kama kamera yako inacho, ingia kwenye menyu uiambie mwenyewe kwamba lenzi ni 200, andika 200 na sio 300, maana kamera haiwezi kujua ulichofunga.

Saa nazo zina mambo yake. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri, ukipiga kitu cha mbali kupitia juu ya mchanga, lami au mabati, ile hewa ya moto inacheza na picha inakuwa laini hata ungekuwa na lenzi ya milioni 20. Sogea karibu au nenda asubuhi. Na matawi yenye anga jeupe nyuma yake yatakuwa na kingo za zambarau kwenye f/4, funga mpaka f/8 itapungua, iliyobaki programu yoyote ya kuhariri inaifuta. Alama ya infiniti pia usiiamini, adapta nyingi zinatengenezwa fupi kidogo kwa makusudi kwa hiyo ukigonga mwisho wa ringi umeshapitiliza, mwezi au mlima uutafute kwa macho kama kitu kingine chochote.

Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, adui ni fangasi. Usiiache kwenye mfuko wake wa ngozi, ngozi inashika unyevu. Tafuta dumu la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, weka vipakiti vya silika jeli, zile za bluu zikigeuka pinki zimeshajaa maji, zikaushe kwa moto mdogo uzirudishe. Mchele hapana jamani, unaingiza vumbi tu.

Na wakati wa kununua nenda na tochi. Toa vifuniko vyote, fungua apacha mpaka mwisho, mulika kutoka nyuma kwa kuinamisha, ukiona vinyuzi vinavyotambaa mithili ya utando hiyo ni fangasi, ukiona vichembe vichembe ni vumbi na halina madhara. Funga apacha f/16, sukuma kile kikono cha nyuma ukiachie, panga za apacha zirudi kwa kishindo, zikijivuta zina mafuta. Zungusha ringi mwanzo mpaka mwisho usikie kama kuna sehemu inakwama au inalegea. Muuzaji akikataa usimulike tochi, ondoka. Utando ukiwa kwenye kioo cha nyuma achana nayo hata kwa bei ya kutupa, ukiwa mbele pembenipembeni kidogo bado utapiga nayo vizuri, tumia hiyohiyo kushushia bei, ila ukifika nayo nyumbani usiiweke dumu moja na lenzi zako nzima.